Panya Walioila Harisa ya Mbarka

Hattab alikuwa na vitu viwili vya kujivunia hapa duniani, waya wake na mke wake, na Ramadhani ile vyote viwili vilimwaibisha ndani ya wiki moja.

Tuanze na waya. Ulikuwa na urefu wa mita mia nane na ushei. Ulitoka kwenye mashine ya sauti ndani ya msikiti wa Tazurit Chini, pale serikali ilipowajengea watu nyumba za saruji, ukapita dirishani, ukavuka bonde, ukapanda matuta ya mizeituni na mitini ukuta baada ya ukuta, hadi kwenye honi ya bati iliyosimama juu ya msikiti wa kale wa Tazurit Juu, ule uliochimbwa ndani ya mwamba. Huko juu zilikuwa zimebaki nyumba tano tu. Wengine wote walikuwa wameshuka kufuata bomba la maji na barabara ya lami. Waliobaki walikuwa wazee wasioshukika, na asiyeshukika kuliko wote alikuwa Nana Yamna, mama mkwe wake Hattab.

Bega la mlima lilikaa katikati ya vijiji hivyo viwili na kuizuia adhana isifike juu. Jua nalo lilijificha nyuma ya kilele mapema sana, saa nzima kabla halijachwa kwa kweli, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kulitegemea kufungulia saumu. Redio ilikuwapo, lakini Nana Yamna hakutaka kuisikia.

"Redio inawafuturisha watu wa Tunis," alisema. "Sasa mimi niko huku, nifuturu kwa jua la Tunis?"

Na kwa bahati mbaya kwa waliopenda kumbishia, alikuwa na haki. Magharibi ya Tunis na magharibi ya kusini hazilingani. Simu za mkononi miaka ile zilikuwa bado hazijajua njia ya kupanda mlima. Ulibaki waya.

Kwa ajira Hattab alikuwa mlinzi wa shule, lakini hiyo ilikuwa kazi ya mshahara tu. Kazi ya moyoni ilikuwa sauti. Spika za harusi, kipaza sauti cha mikutano, honi ya msikiti, vyote vilipita mikononi mwake kwa miaka ishirini na mitatu. Yeye mwenyewe hakuwa na sauti. Yaani alikuwa nayo, lakini kijiji kizima kilikuwa kimemwomba asiitumie. Alipokuwa shule ya msingi, mwalimu wa nyimbo alimwelekeza achezeshe midomo tu. Kwenye harusi yake alijaribu kuitikia wimbo mmoja, wapiga ngoma wakapoteza mapigo. Tangu hapo aliridhika kubeba sauti za watu wengine, na alizibeba vizuri.

Adui yake alikuwa panya wa miambani. Hawa si panya wa ghalani wanaokimbia wakisikia mlango. Ni wanene, wana mkia wenye manyoya, na wamejenga miji yao ndani ya zile kuta za mawe makavu zinazoshikilia udongo wa mizeituni. Kila wakipata hamu ya kunoa meno, waya wa Hattab ulikuwa umelala mlangoni kwao. Alijaribu kuufukia. Mahali pengi palikuwa jabali tupu, na palipokuwa na udongo ndipo hasa panya walipochimba, kwa hiyo alikuwa amewapelekea waya chumbani. Alijaribu kuuvalisha mpira wa kumwagilia bustani. Wakatafuna mpira kwanza, waya baadaye. Alijaribu kuuinua juu ya nguzo. Majira ya baridi yalipoingia nguzo zikapungua moja moja, na hakuna aliyejua zilikokwenda, ingawa moshi ulionekana kwenye nyumba nyingi. Ofisi ya mji ilimwahidi bomba la chuma. Aliambiwa asubiri, naye akasubiri miaka sita.

Na yote hayo yalikuwa mzaha wa kijiji hadi Ramadhani iliyotangulia. Siku ya tatu ya mwezi ule panya walikata waya alasiri, na hakuna aliyejua. Huko juu wazee walikaa na tende mkononi wakisubiri. Mawingu yalikuwa yameshuka, nyota hazikuonekana. Nana Yamna aliinuka aende uani kusikiliza vizuri, kizunguzungu kikampata kwenye ngazi, akaanguka na kuvunjika mkono.

Mwanawe Belgasem, mwenye duka la vyakula Tunis, alikuja usiku kwa usiku, akamchukua kwenda kumuuguza kwake. Baada ya miezi miwili mama alimlazimisha amrudishe. Belgasem alimrudisha, lakini aliapa mbele ya Hattab na mkewe Mbarka: Ramadhani ijayo waya ukikatika hata mara moja, atamchukua moja kwa moja, na nyumba ya mlimani itafungwa.

"Sikulaumu, shemeji," alimwambia Hattab. "Lakini mama yangu hawezi kuishi kwa hisani ya panya."

Nana Yamna alikisikia kiapo hicho. Alimtazama tu mkwe wake kwa macho mekundu. Tangu siku hiyo, uzee wa mwanamke yule ulikuwa umening'inia kwenye waya wa nyuzi mbili.

Sasa tuje kwa Mbarka. Kila Septemba, pilipili zikishakauka kwenye kamba, Mbarka alifunga mlango wa jiko, akajifunga kitambaa puani, akatwanga. Harisa yake, rojo la pilipili la kulia mkate, ilikwenda hadi Gabes na Tunis ndani ya mizigo ya watu. Mabibi harusi walitumwa kwake kujifunza. Na lazima ujue kwamba kule, ukali wa chungu si jambo la ulimi tu. Mke akitia pilipili kidogo, majirani huulizana wanandoa hao wamegombania nini. Mume anayetoka mezani akipangusa jasho ni mume anayependwa. Kwa kipimo hicho, Hattab alikuwa amependwa miaka ishirini na saba bila kupumzika.

Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, Hattab alikuwa anakula, machozi yanamtiririka, na akili ikamjia. Kama inamfanya hivi mtu mzima mwenye miaka hamsini na mbili, itamfanya nini panya?

Alisubiri hadi Mbarka alipopanda kwa mama yake. Akachukua kopo kubwa lililokuwa dirishani, akachukua na brashi ya chokaa, akapanda kwenye matuta. Kulikuwa na mita kama sitini, kuanzia mtini wa tatu hadi ukuta wa mwisho, ambazo panya walizipenda kuliko zote. Alizipaka kwa uangalifu, juu na chini, akashuka akipiga mluzi. Mita sitini za waya mwekundu ziling'aa juani, na alijiona kuwa ni mtu aliyewatangulia mainjinia.

Siku ya tatu ya Ramadhani, alasiri, alipanda juu ya paa la shule, mahali pekee kijijini panapoona kuta za Tazurit Juu, kama alivyofanya kila siku. Nana Yamna na wenzake walikuwa wameweka ishara: honi isiposikika wakati wa adhana ya alasiri, blanketi jekundu litandazwe ukutani. Blanketi lilikuwa limetandazwa.

Hattab alipanda mlima ule kwa tumbo la kufunga na roho mkononi. Alipofika kwenye mtini wa tatu alisimama. Waya ulikuwa umelambwa ukang'aa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Palipokuwa na harisa nyembamba walikuwa wamelamba tu kwa adabu. Palipokuwa na harisa nene walikuwa wametafuna hadi shaba. Panya mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe, anajipangusa masharubu, na hakukimbia. Alimtazama Hattab kama mgeni anayesubiri sahani ya pili.

Aliunga waya mahali kumi na moja. Alipofunga utepe wa mwisho aliketi chini, na dakika chache baadaye honi ikalia juu ya kichwa chake. Belgasem hakuwa na haja ya kujua.

Kosa la kwanza la Hattab lilikuwa kuchukua kopo bila kuuliza. La pili, ambalo lilikuwa baya zaidi, lilikuwa kumsimulia Ami Lazhar.

Ami Lazhar alikuwa mwadhini wa kijiji. Mungu alikuwa amempa koo tamu kupita makoo yote ya mlima ule, na ulimi usiojua kupumzika.

"Panya wameila?" aliuliza.

"Wameila, Ami."

"Harisa ya Mbarka?"

"Ndiyo."

"Mita sitini?"

"Ami, yaishe."

"Na hakuna hata mmoja aliyeomba maji?"

Tarawehe haijamalizika, Tazurit nzima ilikuwa inajua. Asubuhi kinyozi alimwita Hattab kutoka ng'ambo ya barabara: "Hattab! Panya wako wamepita hapa, wanauliza kama mkate upo!" Mwalimu mkuu wa shule, mtu wa heshima zake, alimuuliza kama ni kweli sasa Mbarka anapika kwa ajili ya watoto wachanga. Na bombani, ambako ndiko kuliko na kisu chenye makali zaidi, jirani mmoja alimwambia Mbarka kwa sauti ya huruma, "Mwaka huu umetuonea imani sisi wenye vidonda vya tumbo, dada yangu. Mungu akulipe."

Mbarka alirudi nyumbani, akatua ndoo. Jioni ile, adhana ilipolia, aliweka mbele ya mumewe bakuli la supu nyeupe.

Hattab aliitazama. "Mbarka, mimi si mgonjwa."

"Kula, baba Nejma."

Kesho yake ukaja wali mweupe. Keshokutwa viazi vya kuchemsha, vyeupe pee. Siku ya nne Hattab aliomba radhi. Siku ya tano aliomba tena, safari hii amekaa chini. Chakula kiliendelea kuwa cheupe, naye alianza kuona uchungu wa kweli, kwa sababu alimpenda mke wake na alijua amemdhalilisha mahali pasipostahili. Ni siku ya saba Mbarka alipoligusa jambo lenyewe.

"Niambie. Ulichukua kopo gani?"

"La dirishani."

"La dirishani!" Mbarka alipiga makofi mara moja. "La dirishani ni la mezani, mume wangu. Mle ndani mna mafuta ya zeituni ya mama, mna vitunguu saumu, mna kisibiti, mna chumvi. Mlima huu kuna mnyama gani asiyefuata chumvi? Na mafuta yanaupooza ukali. Wewe hukuwapaka panya pilipili. Umewatandikia jamvi!"

"Mimi nilijua harisa ni harisa."

"Miaka ishirini na saba unaila, unajua harisa ni harisa." Alitikisa kichwa. "Na mimi ndiye ninayechekwa bombani. Hukuweza kuniuliza?"

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza."

Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Belgasem amepiga simu kwa mwenye duka wa hapa kijijini. Anakuja Ijumaa. Anataka kufuturu na mama, asikie mwenyewe hiyo honi. Kaweka na godoro nyuma ya gari."

Hattab aliinamisha kichwa. Godoro halikuhitaji maelezo: lilikuwa la kumlaza mama njia nzima hadi Tunis.

Siku mbili Mbarka alifunga mlango wa jiko. Safari hii alichukua pilipili ndogo zenye mbegu, zile anazotia moja tu kwenye chungu kizima, akatwanga kilo mbili. Hakutia chumvi wala mafuta. Hakutia chochote cha kumfurahisha mtu. Majirani waliopita dirishani walipiga chafya, na yule wa bombani alihama baraza lake hadi jioni. Alhamisi alimpa Hattab kopo, amelifunga kwa kitambaa.

"Hii usipake hivi hivi. Uichanganye na gatrani, ndipo igande na umande usiioshe."

Gatrani ni ule utomvu mweusi mchungu wanaopaka ndani ya viriba vya maji na kwenye upele wa ngamia, na ukinukia hauna haja ya kuulizwa jina. Mwenye kuuza alikuwa akiuleta Ijumaa asubuhi. Kwa hiyo Hattab aliliweka kopo kwenye chumba kidogo cha msikiti, kando ya mashine ya sauti, juu ya meza ile ile iliyokuwa na tende na mkate wa kufuturia.

Magharibi ilipofika Ami Lazhar aliadhini, na honi ikaitikia mlimani. Akala tende yake, akanywa mtindi wake, akaona kopo.

"Hii ndiyo ile ya panya?"

"Ami, usiguse. Hiyo ni ya waya."

"Ya waya!" Ami Lazhar alikuwa ameshakata kipande cha mkate. "Bwana we, kama panya wameweza, mimi nitashindwa? Mimi nina meno mengi kuliko wao."

"Ami Lazhar, nakuomba..."

Alichota vizuri, kama mtu anayechota asali, akatia kinywani. Kwanza alitabasamu. Halafu tabasamu likabaki peke yake usoni, kama limesahaulika. Alinyoosha mkono kutafuta maji, akakosa birika, akamshika Hattab shati. Macho yalimjaa machozi. Alifungua kinywa aseme kitu, nadhani jina la Mbarka, na hakikutoka kitu. Hattab alimpa maji, akampa mtindi, akampa mkate mkavu. Tusidanganyane, alimhurumia sana, na alifurahi kidogo.

Ijumaa asubuhi Ami Lazhar alikuwa hana sauti. Alikuwa amefunga, kwa hiyo hakuweza kunywa asali wala chai wala chochote cha kumlainisha. Imamu mwenyewe aliadhini adhuhuri na alasiri. Kisha imamu akaenda zake mjini Tatawin, alikoalikwa kufuturu kwa binti yake, kwa sababu Ami Lazhar alikuwa amemwandikia kwenye karatasi kwamba jioni atakuwa mzima. Ami Lazhar hakuwahi kukiri kushindwa, hata kwa maandishi.

Hattab hakuyajua hayo ya karatasi. Tangu asubuhi alikuwa kwenye matuta, amechanganya gatrani na pilipili, anapaka mita zake sitini. Mikono ilimwaka, pua ilimwaka, jicho moja lilifumba lenyewe. Alasiri alirudi kukagua. Waya ulikuwa mweusi, mzima. Karibu na mtini wa tatu aliona alama ndogo za meno, jozi moja tu, na chini yake udongo umekwaruzwa ovyo, kama mtu aliyetoka mbio akisahau viatu. Hattab alicheka peke yake mlimani.

Alipokuwa anashuka alikutana na Belgasem na Mbarka wanapanda, Mbarka amebeba chungu. Gari jeupe lilionekana chini, na godoro nyuma yake.

"Shemeji," Belgasem alisema, akamkumbatia, akaruka nyuma. "Astaghfirullah. Umepaka nini?"

"Dawa ya panya."

"Na ya watu pia." Lakini hakucheka. "Hattab, sikiliza. Sina ugomvi na wewe. Mama ana miaka themanini na moja. Nimeshamwandalia chumba, kina dirisha, msikiti uko hatua hamsini. Sitaki kupigiwa simu tena usiku kwamba ameanguka."

"Leo utaisikia honi, inshallah."

"Leo, ndiyo. Na kesho?"

Hattab akapangusa gatrani kwenye suruali. Alimtazama Mbarka, Mbarka akatazama chungu. Wakaachana.

Zilikuwa zimebaki dakika sita Hattab alipoingia kwenye chumba cha msikiti na kuwasha mashine. Taa nyekundu iliwaka. Ami Lazhar alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti, amejifunga shali shingoni.

"Umepona, Ami?"

Ami Lazhar alifungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa mlio wa bawaba ya mlango wa banda. Alijaribu tena, bawaba ikakatika. Akamgeukia Hattab, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu hapakuwa na mzaha usoni pake.

Msikitini hapakuwa na mtu mwingine. Ramadhani, saa ile, kila mwanamume yuko mlangoni kwake na tende mkononi, anasikiliza. Hattab alitoka nje akatazama kulia na kushoto. Barabara ilikuwa tupu. Kinyozi, mwenye sauti ya wastani, anakaa mwisho kabisa wa kijiji. Alirudi ndani. Saa ya ukutani ilisema imebaki dakika moja.

Ami Lazhar alimsukumia kipaza sauti kifuani.

"Mimi? Ami, mimi siwezi. Unajua kwamba siwezi. Kijiji kizima kinajua!"

Ami Lazhar alinyoosha kidole juu, kuelekea mlimani, akakiacha pale pale.

Hattab alifikiria waya. Mita mia nane na ushei, mzima kabisa, mweusi, unanuka, hakuna panya aliyethubutu kuusogelea, na hauna cha kubeba. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Kisha akatia mikono masikioni, akafumba lile jicho lililobaki, na akaadhini.

Alianza chini mno, akapanda, akakuta amepanda mno. Katikati sauti ilipasuka vipande viwili, na kila kipande kilishika njia yake. Lakini hakuruka neno na hakusimama. Mlangoni mwa nyumba zote za Tazurit Chini watu waliganda na tende mkononi, wakatazamana. Mwalimu mkuu, wanasema, alisubiri hadi mwisho kabisa ili ahakikishe. Halafu wakala.

Hattab aliswali, akala tende tatu, akapanda mlima bila kusubiri kuchekwa. Njia nzima alijisemea kwamba ameharibu. Belgasem alikuja kusikia honi, na honi imemletea kichekesho. Angekuwa yeye ndiye Belgasem, angempakia Nana kwenye godoro dakika hiyo hiyo.

Alipofika kwenye chumba cha Nana Yamna aliwakuta wote watatu wameketi kuzunguka sinia. Belgasem alikuwa ameshika kijiko bila kula. Mbarka alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya shela yake, mabega yanamtikisika. Nana Yamna alikuwa anamenya yai, taratibu, kwa mkono wake uliopona upande.

"Karibu, mwadhini," alisema.

"Nisamehe, Nana. Ami Lazhar..."

"Nilikujua kabla hujamaliza neno la kwanza. Nikamwambia Belgasem huyu, funga midomo, huyo ni mkwe wangu. Hakuna koo jingine duniani linalokwaruza hivyo." Alitia yai kinywani, akatafuna upande wenye meno. "Mwaka jana nilikaa kwake miezi miwili. Chumba kizuri, kina dirisha. Misikiti mitano inaadhini kwa mpigo mmoja, sauti nzuri kama redio. Miezi miwili, Hattab. Nikafungua dirisha kila jioni. Sikumjua hata mmoja katika wale waliokuwa wananiita."

Belgasem aliweka kijiko chini.

"Mama," alisema, "hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba watu wako wanaadhini vizuri mno?"

Belgasem alimmiminia mama yake maji. Kisha alimuuliza Hattab, bila kuinua uso, hiyo dawa ya panya inakaa siku ngapi kabla ya kupakwa upya. Hattab alisema hajui, pengine wiki mbili, mvua ikinyesha ni chini ya hapo. Belgasem alisema basi pilipili zitakuwa juu yake, na gatrani pia, na kwamba lile godoro nyuma ya gari ni jipya, la mama ni kuukuu, itakuwa vizuri likipandishwa kesho. Mbarka aliinuka ghafla, akaenda kwenye kona, akarudi na bakuli akaliweka mbele ya mumewe. Lilikuwa jekundu hadi ukingoni. Hattab alipiga kijiko cha kwanza, machozi yakamtoka, na safari hii si kwa pilipili tu.

Alipoinuka kuaga, Nana Yamna alimshika pindo.

"Kesho mwache Lazhar aadhini. Nimesema nakujua. Sijasema nimekupenda."

"Sawa, Nana."

"Na kesho alasiri utapita?"

"Hakuna haja tena, Nana. Panya hawaugusi waya. Hakuna cha kukagua."

Nana Yamna aliachia pindo, akaanza kukusanya maganda ya yai kwenye kiganja chake, moja moja.

"Mimi sikukuuliza habari za panya," alisema.

Kesho yake alasiri Hattab alipanda mlima, koleo la waya mkononi, kama mtu mwenye kazi.